Mama Popo na Wifi Yake

Jina la Mama Popo sikuliokota njiani. Nililipata kwa jasho, na kwa mavi ya popo kichwani. Kabla sijaja, maabara yetu ilikuwa na mashine nzuri, ilikuwa na jokofu la barafu kali, na ilikuwa na Mkuu anayejua kuongea mbele ya wageni. Kilichokosekana ni mtu wa kupanda darini. Nikapanda mimi. Kwenye maghala, kwenye mapango, kwenye vyoo vya shule zilizofungwa, popote popo walipolala mchana nilikuwapo na wavu wangu na taa ya kichwani, hadi fundi wa mashine, mwanamume asiyeacha utani hata msibani, akanibatiza jina hilo. Nikalipenda kuliko lile nililopewa na wazazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kirusi kinacholeta homa ya ini kwa binadamu hakikuanguka kutoka mbinguni. Kina ukoo. Kina mababu na mabinamu, na mabinamu hao wamejificha ndani ya wanyama: popo, panya, hata samaki. Ukimpata binamu ukamchunguza, unajua ukoo ulitoka wapi na unapenda kuingia kwa nani. Sisi tulikuwa tumetafuta miaka na hatujampata hata mmoja. Atakayempata, jina lake ndilo litakaa juu kabisa ya ripoti, na mimi nilikuwa nimeshaamua jina hilo ni la nani.

Halafu nikamleta wifi.

Nasema nikamleta kwa sababu hakujileta. Ni kitinda mimba kwa akina mume wangu. Alikuwa amemaliza chuo na amekaa kwa mama yake anakunja nguo, na mama mkwe akawa ananibembeleza kila Jumapili, "Mwanangu, mshike mwenzio mkono." Nikamshika. Nilimwombea nafasi kwa Mkuu, nikamfundisha kumkamata popo shingoni bila kumnyonga, nikamwonyesha hata duka la viatu visivyoteleza. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Huyu wangu hakupiga teke. Alikuwa na adabu zake, ananisalimia asubuhi kwa kupiga goti nusu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mwenye adabu humpati pa kumshikia.

Tulitofautiana kwenye glavu. Mshipa wa bawa la popo ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na kwa glavu nene huuhisi. Kwa hiyo mimi hukata ncha ya glavu kwenye kidole gumba cha kushoto. Kanuni zinakataza, Mkuu anajua zinakataza, lakini alifumba macho kwa sababu hakuna aliyewahi kutoa damu ya popo kama mimi. Wifi alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, na kwenye popo mmoja alitumia muda ambao mimi ningemaliza ukoo mzima.

"Bibi harusi," nikamtania, "unaogopa kuharibu hina?"

"Naogopa tu, wifi," akajibu. Hata kujibu mapigo hajui.

Siku ya mambo yote tulikwenda kwenye kiwanda cha mafuta kilichokufa zamani. Dari lilikuwa limejaa popo. Tukagawana, mimi upande wa mlangoni, yeye upande wa matangi, kila mtu na kisanduku chake cha vichupa vyenye alama yake. Kabla sijafika mbali, popo mmoja jike, mkubwa, mkorofi, alinigeukia akanizamisha meno kwenye kidole kile kile kilicho wazi. Damu ikatoka. Nikakifuta kwenye aproni, nikaendelea na kazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ninayo, ya homa ya ini ninayo, tulichanjwa sote tulipoajiriwa. Damu iliponirudia nikaifuta tena, na nikamaliza kisanduku changu wakati wifi yuko nusu. Nilijisikia vizuri siku hiyo, nakumbuka.

Mezani, tuliporudi maabara, kazi ya mashine ilikuwa ya wifi. Mashine ile unailisha matone kutoka kwenye vichupa, na kama kirusi kimo, mstari unapanda kwenye skrini. Kikiwa kingi unapanda mapema, kikiwa kichache unachelewa. Nilikuwa naosha nyavu uani niliposikia kelele. Nikaingia na maji yanachuruzika mikononi, nikakuta Mkuu amemshika wifi mabega, fundi anapiga makofi kwenye meza, na kwenye skrini mistari imesimama kama nyasi baada ya mvua.

"Amempata!" fundi akapayuka. "Amempata binamu! Mama Popo Mdogo huyo!"

Jina langu. Na walikuwa wamelikata wakampa kipande mbele yangu, huku vichupa vilivyopandisha mistari ile ni vya upande wa mlangoni, upande wangu, popo niliowashika kwa mkono wangu. Kwenye vichupa vya wifi mwenyewe hakukuwa na kitu, isipokuwa kimoja kilichotoa mstari dhaifu, wa kuchelewa, kama mtu anayeamka Jumapili. Hakuna aliyekijali hicho.

Wivu nimeshausikia, lakini huu ulikuwa na meno. Nilikipata kijiba cha roho mpaka chakula kikawa hakishuki. Jumapili ile mama mkwe aliwaita majirani. Alimketisha binti yake kwenye kiti cha marehemu baba yao, kiti ambacho mimi tangu niolewe sijawahi kuambiwa hata nikifute vumbi.

"Mwanangu amegundua mdudu mpya," akawaambia. "Dunia nzima hawamjui, anamjua yeye."

"Na wewe mama watoto, si mnafanya kazi pamoja?" jirani mmoja akaniuliza.

Mama mkwe akanijibia. "Huyu ndiye anayewakamata hao popo."

Anayewakamata hao popo! Kama vile ningekuwa naokota kuni. Mume wangu akacheka, na usiku nikampa mgongo.

Mkuu alishapanga kutangaza. Waandishi wangealikwa, wifi angesimama mbele. Kilichobaki ni kusoma kirusi chenyewe, herufi kwa herufi, ili tujue kimekaa wapi kwenye ukoo. Majibu yalipokuja Mkuu aliyapitia juu juu, akashangilia zaidi. "Kinafanana mno na cha binadamu!" akasema. "Hapa ndipo kilipotokea. Tumepata mzizi wenyewe!"

Mimi niliyachukua majibu yale nikaenda nayo chumba cha nyavu, nikayasoma taratibu, na moyo wangu ukaanza kucheza ngoma. Kilifanana mno, kweli. Binamu mnaweza kufanana pua, mnaweza kufanana mwendo. Lakini binamu hafanani nawe mpaka kwenye kovu la kuanguka na baiskeli. Kile hakikuwa binamu. Kilikuwa kirusi cha binadamu hasa, kimetoka kwenye damu ya mtu, kikaingia kwenye vichupa kwa uchafu wa mkono wa mtu. Na ni nani aliyevifungua vichupa? Nani aliyekaa navyo mezani?

Sitadanganya. Niliimba nikiwa naanika nyavu.

Sikusema siku hiyo. Nilitaka niseme Jumatatu, kikaoni, kila mtu akiwa amekaa. Lakini Jumamosi wifi alikuja nyumbani peke yake. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akauchukua ungo upande mmoja tukawa tunachambua wote.

"Kidole chako kilipona, wifi?" akauliza.

"Kidole gani?"

"Ulichong'atwa kule kiwandani."

"Hicho kilishasahaulika. Umekuja kuniuguza?"

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiangalia. "Umeyasoma majibu?"

"Nimeyasoma."

"Basi umeona." Akakitupa kijiwe kando. "Nataka nimwambie Mkuu kwamba nilikosea. Kwamba ni uzembe wangu mezani. Tuvitupe vichupa vyote, yaishie hapo. Ila nakuomba, wifi, wewe usiseme kitu. Niachie mimi."

Ndiyo hivyo, nikajisemea. Amekuja kuzima moto kabla haujafika darini. Anataka akiri nusu, kwa sauti ya chini, Mkuu amsamehe, na kesho awe bado Mama Popo Mdogo.

"Yataishia vipi?" nikamwambia. "Kama kuna damu ya mtu kwenye vichupa, huyo mtu ni mgonjwa na hajui. Lazima ajulikane."

"Anaweza kujulikana taratibu. Kwa siri. Kwa heshima."

"Mwenye hofu ana lake jambo, wifi."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa yamejaa, na mimi, Mungu anisamehe, niliyaona machozi yale nikayahesabu kuwa ushindi wangu. Wazo lenyewe lilishanijia: damu ni yake. Glavu mbili zote zile, uoga wote ule, ni mtu anayejijua. Nikatamani iwe yake. Nilitamani kweli, huku tumeshika ungo mmoja.

Jumatatu nikasimama kikaoni kabla yake. Niliwaeleza habari ya binamu na kovu, fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. Mkuu alibadilika rangi. Nikasema si haki kumlaumu mtu kwa kubahatisha, kila aliyegusa vichupa vile akatoe damu kwa nesi wa zahanati yetu, ipimwe, kirusi kikipatikana kilinganishwe na cha kwenye vichupa.

"Watu wana siri zao," wifi akasema polepole. "Naomba tusifanye hivyo."

"Mbona mimi sina?" nikajibu. Nikakunja mkono wa shati pale pale mbele yao, na wote wakageuka kumtazama yeye.

Nesi alitupa namba badala ya majina. Namba ya nani ni ya nani, alijua yeye peke yake. Sisi wengine kila mtu alijua yake tu, na maabara ingeona namba tupu. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilitania hadi sindano inatoka.

Alhamisi nesi akaniita. Nilikwenda nikidhani anataka ushauri, maana ni mtu tuliyezoeana. Akafunga mlango. Akavuta kiti chake akakileta upande wangu wa meza, na mtu wa hospitali akikuletea kiti upande wako hakuna haja ya kuambiwa zaidi.

"Ni yako," akasema.

"Haiwezekani. Mimi nimechanjwa."

"Chanjo inafunga mlango, dada yangu. Ikimkuta mtu ameshaingia ndani, haimtoi. Hakuna aliyekupima kabla ya kukuchanja. Huenda umezaliwa nacho." Akanipa maji. "Mama yako yupo?"

Mama yangu alikufa nikiwa darasa la nne, tumbo limejaa maji, macho ya njano, na shangazi zangu waligombana mwaka mzima ni nani aliyemroga. Nesi akaendelea kwa sauti ile ile: ini langu bado ni zima, dawa za kukituliza kirusi zipo, nitapimwa kila baada ya muda. Watoto walichanjwa walipozaliwa, lakini waje wapimwe, na baba yao aje. Nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku nakitazama kidole gumba cha kushoto kwenye mkono uliokaa magotini kwangu.

Damu iliyonirudia nikaifuta tena. Kila kichupa nilichofungua baada ya pale kilionja damu yangu. Vya wifi, vya upande wa matangi, havikuwa na kitu, na meza ilikuwa moja na mikono ya mezani ilikuwa ile ile. Uchafu ungetoka mezani ungechafua vyote. Umechafua vyangu tu. Hili mtoto wa shule angeliona, nami sikuliona kwa sababu nilikuwa natazama kiti cha baba mkwe. Nyani haoni kundule. Yeye aliliona mapema. Aliliona siku majibu yalipotoka, akaja hadi jikoni kwangu, akaniuliza habari ya kidole.

Jioni nilimwambia mume wangu. Akauliza kama nimekula. Nikamwapisha asimwambie mama yake, akaapa, akaenda kunipashia chakula mwenyewe, na alichokileta kilikuwa kimeungua.

Jumatatu iliyofuata tulikaa tena. Mkuu alikuwa na uso wa mtu aliyewaalika waandishi na sasa hana cha kuwaonyesha. Wifi akasimama na karatasi mkononi, hakuisoma.

"Nimelinganisha," akasema. "Hakuna namba ya mfanyakazi iliyofanana. Kirusi kimetoka kwenye ile chupa ya damu ya mgonjwa tunayojaribishia mashine. Niliifungua karibu na vichupa vya popo, ikaruka. Ni uzembe wangu."

Alidanganya hivyo bila kunitazama hata kidogo. Uongo ulikuwa mzuri, umekaa sawa kila upande, kwa sababu mwenye kuusema ni mtu anayevaa glavu mbili.

Mkuu alimpasukia. Alimwambia ametia aibu kitengo kizima. Alimwambia kuanzia leo mashine asiiguse, akaoshe vyombo hadi atakapojifunza, na vichupa vyote vya kiwandani, vyake na vyangu, vikachomwe, maana hakuna cha kuaminika kwenye meza yake.

"Sawa," wifi akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kichupa kimoja. Cha upande wake, chenye mstari dhaifu uliochelewa. Kichupa kilichofunguliwa na mtu mwenye glavu mbili, ambacho damu yangu haikukigusa. Kama kilikuwa safi, basi mstari ule haukuwa wa binadamu. Ulikuwa wa popo. Nikamtazama wifi, nikajua kwamba na yeye anajua, na kwamba amekubali kichupa hicho kiende motoni ili mimi nibaki na heshima yangu mbele ya watu.

Nilipaswa kufurahi. Vyote nilivyoviomba nilikuwa nimepewa. Hana mashine, hana jina, mama mkwe atarudisha kiti mahali pake. Kukaa kimya hakugharimu kitu. Kuongea kungenigharimu siri yangu na kungemkabidhi yeye binamu, mkononi, pamoja na jina lake juu ya ripoti.

Lakini wivu hauna likizo. Nilimwona pale amesimama na karatasi yake, nikasikia lile jino la zamani limenishika tena, mahali pale pale. Kwa popo kanizidi. Kwa kiti kanizidi. Sasa hata kwa wema amenitangulia, tena bila kupiga kelele, na mimi nitaishi miaka yangu yote iliyobaki nikiwa mtu aliyestiriwa na wifi yake. Hapana. Hilo sikulikubali.

Nikasimama. "Anawadanganya," nikasema. "Damu ni yangu."

Fundi akaangusha kalamu. Wifi akatikisa kichwa, taratibu, ananisihi, lakini nilikuwa nimeshakiinua kidole gumba hewani kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Niliwaeleza yote. Glavu niliyoikata, popo jike, aproni, namba yangu kwa nesi. Nilipofika kwa mama yangu nikajikaza kisabuni, nikamaliza.

"Kwa hiyo vichupa vya kuchoma ni vyangu," nikamwambia Mkuu. "Vyake ni safi. Na kuna kimoja pale hamkukitazama."

Fundi, mtu wa utani, alikuja akasimama tu karibu nami, bega kwa bega.

Wifi alinifikia wa mwisho. Alinishika mkono, ule ule wa kushoto, bila glavu hata moja.

"Wifi," akaninong'oneza, machozi yanamtiririka, "hata hili hukutaka nikuzidi?"

"Hata hili," nikamwambia. "Sasa nenda kawashe mashine, kabla sijabadilisha mawazo."